Nyumba za marobota ya majani makavu: ukuta ni nafuu, ila hela ya nyumba haimo ukutani

#1 Lipu_ya_Udongo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Ukipita mashamba ya mpunga ya Usangu au Kilombero baada ya mavuno, jioni utaona moshi. Majani ya mpunga yanachomwa ili shamba libaki jeupe. Mwenye shamba lile usiku analala kwenye chumba cha tofali za saruji alizonunua kwa kujinyima, na bado chumba kinamchoma mchana na kumtetemesha usiku wa Juni.

Mimi ni mchora ramani za nyumba na fundi wa lipu za udongo huku Nyanda za Juu Kusini. Ujenzi wa marobota, yaani kuta za majani makavu yaliyobanwa na kufungwa kwa kamba, naupenda sana. Lakini picha zinazozunguka mitandaoni, eti nyumba nzima kwa bei ya pikipiki, zinawapotosha watu. Nataka tuuelewe vizuri kabla mtu hajazamisha akiba yake.

Chimbuko lake ni jimbo la Nebraska, Marekani, eneo la Sandhills. Ni vilima vya mchanga vyenye nyasi, miti ya kujengea hakuna. Walowezi walioingia huko mwishoni mwa karne ya 19, na wengine wengi baada ya sheria ya Kinkaid ya 1904 iliyogawa ekari 640 kwa kila mlowezi, walikosa mbao na walikosa udongo unaoshikana. Walikuwa na nyasi, na mashine za kufunga marobota zilikuwa zimeshafika. Wakapanga marobota kozi kwa kozi bila nguzo, paa likakaa moja kwa moja juu ya ukuta. Jengo la mwanzo kabisa linalotajwa ni shule ya chumba kimoja ya 1896 au 1897. Haikupigwa lipu, ng'ombe wakaila. Kanisa la mji wa Arthur, la mwaka 1928, lilipigwa lipu na mpaka leo limesimama. Ukuta wa majani usio na lipu ni malisho tu.

Ufaransa walishika njia nyingine. Mwaka 1920, baada ya vita kuu ya kwanza kuacha watu wengi bila makazi, mhandisi Émile Feuillette alijenga nyumba mjini Montargis: fremu ya mbao inabeba paa, marobota yanajaza nafasi katikati. Nayo ipo, imepita miaka 100.

Mpaka leo njia ni hizo mbili. Ukuta wa marobota unaobeba paa unaokoa mbao, ila unataka nyumba ndogo, madirisha machache na marobota yaliyoshindiliwa kweli. Fremu ya mbao inakuruhusu kupiga paa kwanza halafu marobota yanaingia chini ya kivuli, mvua isiyaguse. Kwa mvua zetu, mimi nachagua fremu.

Sasa hesabu. Robota la kamba mbili lina takriban sentimita 90 kwa 45 kwa 35, na likiwa limekazwa vizuri lina kilo 15 au zaidi kidogo. Chukua nyumba ya mita 8 kwa 6 kwa nje, ukuta wa mita 2.4 kwenda juu. Mzunguko ni mita 28, sawa na mita za mraba 67. Toa milango na madirisha, inabaki kama 58. Marobota yakilazwa bapa, unahitaji kama 185, weka 200 na ya akiba. Hapo kila mtu anashangilia.

Lakini ukuta huo pamoja na lipu pande zote mbili una unene wa nusu mita. Nyumba ya 8 kwa 6 ndani inakubakizia mita 7 kwa 5, yaani mita za mraba 35. Ungejenga kwa tofali la inchi 6 ungebaki na kama 43. Mita za mraba 8 zimeliwa na ukuta, na bado umezinunulia msingi na mabati. Ukiyasimamisha marobota kwa ubavu ukuta unapungua hadi sentimita 40 hivi na ndani unapata kama 37, ila lipu inashika kwa shida zaidi.

Kwa hiyo mkuu, usipige hesabu ya bei ya robota ukidhani ndiyo bei ya nyumba. Msingi, kenchi, mabati, milango, madirisha, maji na umeme havijali ukuta wako umetengenezwa na nini. Nyumba inakuwa nafuu kwa mambo mengine: umbo la mstatili lisilo na kona za mapambo, paa la migongo miwili tu, lipu ya udongo wa hapohapo badala ya saruji, na nguvu za ndugu na majirani. Kupanga marobota na kupaka udongo ni kazi ambayo hata shangazi na vijana wa shule wanaifanya vizuri wakielekezwa. Hapo ndipo akiba ilipo.

Unachopata kwenye unene ule ni utulivu wa joto. Ukuta wa marobota wa sentimita 45 unazuia joto kupita zaidi ya mara 10 ukilinganisha na tofali la saruji la inchi 6. Kwa Njombe, Makete, Mbulu au Karatu, hiyo ni kuni usizonunua na watoto wanaolala bila kukohoa moshi wa jiko la mkaa chumbani.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

#2 Mkulima_Usangu

Mkuu shikamoo, uzi umenigusa kwa sababu mimi ni mmoja wa hao wanaochoma. Swali langu ni la kawaida: moto je? Majani haya tunayawasha kwa kiberiti kimoja. Na panya, na mchwa? Huku mchwa wanakula hadi nguzo za mti mgumu.

#3 Lipu_ya_Udongo

Marahaba mkuu.

Moto unataka hewa. Majani yaliyotapakaa shambani yana hewa kila upande, robota lililobanwa halina. Marekani walipima kuta za marobota kwa utaratibu uleule wa kupima kuta nyingine, tanuri linafika nyuzi zaidi ya 900 za sentigredi. Ukuta wenye lipu ya udongo ulistahimili saa 1, wenye lipu ya chokaa na saruji saa 2. Hatari yenyewe ipo wakati wa ujenzi, majani yakiwa yamezagaa chini na fundi anachomelea grili pembeni. Fagia kila jioni, na mvuta sigara akae nje ya uzio.

Panya anaingia penye tundu. Kila pengo kati ya robota na robota, na kati ya ukuta na fremu ya dirisha, lishindilie majani yaliyochovywa kwenye udongo kabla ya lipu. Lipu ifike hadi chini kabisa na hadi juu kwenye boriti, hata sehemu itakayofichwa na dari. Mafundi wengi huacha pale juu ya dari kwa kuwa hapaonekani, na panya anapajua.

Mchwa ni suala zito na sitalipamba. Mchwa wetu hawafanani na wa Ulaya. Kinga ni msingi wa mawe au tofali za kuchoma unaoonekana wazi kuzunguka nyumba yote, sentimita 30 hadi 45 juu ya ardhi, na juu yake bati jembamba lililokunjwa kuelekea chini. Mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake ya tope juu ya kitu unachokiona, nawe unaifuta. Usipande maua yakafunika msingi. Kama kiwanja kina vichuguu hai na huna mpango wa kuzunguka nyumba kila wiki kukagua, jenga kwa udongo mtupu, usitumie majani.

#4 Mwea_Pishori

Niko Mwea, Kirinyaga. Hapa kwetu majani ya mpunga ni biashara, yanafungwa beli na lori za wafugaji zinakuja kuyabeba. Sasa nikiyaweka ukutani si nitakuwa nimejinyima pesa? Na ng'ombe wa jirani watakula nini wakati wa kiangazi?

#5 Lipu_ya_Udongo

Ndugu, umeuliza swali ambalo wengi wanalikwepa. Pale ambapo majani yana soko, bei ya robota siyo bure tena. Chukua bei ya beli moja hapo Mwea, zidisha kwa 200, linganisha na bei ya mawe au tofali ya kuta hizohizo. Ikikaribiana, wauzie wafugaji, tumia pesa hiyo kwenye mabati mazuri.

Ila kumbuka jambo moja. Majani ya mpunga yana silika nyingi, yale madini magumu yaliyomo kwenye mchanga. Ndiyo maana ng'ombe hapati mengi humo, na ndiyo maana yanachelewa kuoza, ukutani hiyo ni faida. Yale magumu, ambayo mfugaji anayakataa, ndiyo yako. Sharti yawe makavu na marefu, maana yaliyokatwakatwa hayafungiki.

Kuna njia nyingine inayokula majani machache: majani yanalowekwa kwenye uji wa udongo, yanashindiliwa ndani ya mbao za fomu kati ya nguzo, fomu inapandishwa. Ukuta wa sentimita 20 hadi 30 unatosha, na huhitaji mashine ya kufunga marobota. Unakauka polepole sana, anza mwanzo wa kiangazi.

#6 Tumetoka_Huko

Samahani kwa kusema wazi. Baba yangu alihangaika nusu ya maisha yake ili atutoe kwenye nyumba ya tope. Mvua za masika ukuta ulikuwa unadondoka, mama anaupaka upya kila mwaka. Leo mnatuambia turudi kwenye majani na udongo? Wazungu wenye hela wanajenga kwa kupenda, sisi tunaambiwa ndiyo inayotufaa.

#7 Lipu_ya_Udongo

Ndugu yangu, maneno yako nayaheshimu, na mzee wako alifanya jambo la haki kabisa. Mimi pia nimekulia kwenye nyumba ya fito na udongo, nayajua maji yanayopenya chini ya kitanda.

Lakini tazama ukuta ule ulianzia kudondoka wapi. Ulianzia chini, sentimita 30 za kwanza, kwa sababu fito zilichimbiwa ardhini na maji ya paa yalikuwa yanaruka na kupiga palepale. Paa lilikuwa fupi, halikuvuka ukuta hata dhiraa moja. Nyumba ilikosa msingi na ikakosa paa refu. Ule udongo ungewekwa juu ya mawe, chini ya paa linalotoka nje sentimita 80, mama asingeupaka kila mwaka.

Ninakubaliana nawe kwa asilimia mia kwenye jambo moja: mtu maskini asiuziwe nyumba duni kwa jina zuri. Ndiyo maana nimeandika hesabu ya mita za mraba pale juu. Kama nyumba ya marobota haina msingi wa mawe, haina paa refu, na haina lipu kamili, mkatae fundi huyo hata kama anajenga bure.

#8 Bukoba_Kwetu

Mkuu, sisi wa Kagera tangu tetemeko la Septemba 10, 2016 tunaogopa kuta nzito. Tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa tope ziliporomoka vibaya. Wazee wanasema misonge ya zamani isingeua mtu. Marobota yana usalama gani?

#9 Lipu_ya_Udongo

Hili swali nililisubiri.

Oktoba 8, 2005 tetemeko lilipiga Kashmir upande wa Pakistani na kuua zaidi ya watu 70,000, wengi wakifunikwa na kuta za mawe na zege mbovu. Baada ya hapo mhandisi wa Marekani, Darcey Donovan, alianzisha shirika la PAKSBAB na kubuni nyumba ya marobota kwa ajili ya familia za kule. Wasomeni kwa makini, maana hakuna aliyefikiria gharama kama wao.

Hawakuwa na mashine za marobota, wakatengeneza marobota kwa mkono ndani ya kasha la chuma, wakiyakandamiza kwa jeki. Msingi ni mifuko iliyojazwa kokoto. Marobota yenyewe yanabeba paa. Halafu pande zote mbili za ukuta wakavalisha nyavu za nailoni za kuvulia samaki, zimefungwa kwenye msingi chini na kwenye boriti juu, ndipo ikaja lipu ya udongo juu yake.

Mwaka 2009 waliijenga nyumba kamili ya futi 14 kwa 14 juu ya meza ya kutikisa majengo kwenye Chuo Kikuu cha Nevada, Reno. Waliitikisa mara kadhaa, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka kufikia mara mbili ya mtikisiko uliopimwa Canoga Park kwenye tetemeko la Northridge, California, la 1994. Lipu ilipasuka, kuta ziliyumba, nyumba haikuanguka.

Sasa fikiria Bukoba. Nyavu mnazo ziwani, hata zile kuukuu zilizostaafu uvuvi zikikaguliwa nyuzi zake. Wavuvi wenu wanajua kufunga fundo kuliko fundi ujenzi yeyote. Nyasi mnazo. Shida yenu ni mvua, Bukoba inapata mvua karibu mwaka mzima, kwa hiyo paa lije kwanza na litoke nje mita 1 nzima kila upande. Na msijenge kwa kuangalia maandishi haya tu. Mpateni mhandisi wa majengo apige hesabu ya ukuta na paa lenu, kwenye eneo la matetemeko hilo halina mjadala.

#10 Chokaa_ya_Unguja

Assalaam alaykum. Mimi fundi wa chokaa, Unguja. Watu wa hoteli wananiuliza kuhusu marobota, wameona picha. Wewe unasemaje kwa pwani? Na kuhusu lipu ya chokaa juu ya majani, nina neno: wengi wanapaka chokaa iliyozimwa jana. Wazee walikuwa wanaizima shimoni na kuiacha ilale wiki nyingi, hata miezi, hadi iwe laini kama siagi. Chokaa mbichi inapasuka na inachoma mikono.

#11 Lipu_ya_Udongo

Waalaykum salaam, fundi. Ahsante kwa hilo la kulaza chokaa, wasomaji walichukue kama lilivyo. Na miwani ya kujikinga, chokaa ikiingia jichoni ni jicho limekwenda.

Kwa pwani jibu langu ni hapana. Hewa yenu ina unyevu usiku na mchana, na joto la pwani halitofautiani sana kati ya mchana na usiku, kwa hiyo ukuta mnene unaozuia joto haukupi kitu kikubwa. Pwani mtu anataka upepo upite, kivuli cha baraza na paa lisilompikia kichwani. Waambie wa hoteli wajenge kwa mawe na chokaa yenu, au udongo na fito, na makuti juu. Jengo litadumu na kazi itabaki kwa mafundi wa Unguja.

Hata bara, anayejenga kuta za marobota na kuacha bati tupu bila dari amepoteza hela. Jua la saa saba linaingia kwa juu. Dari yenye majani makavu yaliyochanganywa na udongo kidogo, unene wa kiganja na nusu, ndiyo inayokamilisha kazi ya ukuta.

#12 Karatu_Baridi

Dada yenu kutoka Karatu. Mimi na mume wangu tunalima ngano na shayiri, na mwenye mashine ya kufunga marobota yupo kijiji cha pili. Tuna kiwanja, tuna mawe, tunataka vyumba viwili na sebule. Tuanzie wapi? Na robota zuri nalijuaje?

#13 Lipu_ya_Udongo

Dada, kwa hali uliyoieleza wewe ndiye mtu wa kujenga nyumba hii. Ngano na shayiri, baridi, mawe ya msingi, mashine jirani.

Robota zuri: lishike kwa kamba zake mbili, linyanyue, litikise. Likijikunja katikati kama nyoka, lirudishe likafungwe upya. Kisha zamisha mkono hadi katikati, vidole viguse moyo wa robota. Ukisikia ubaridi au harufu ya uyoga, lina unyevu, liwe la ng'ombe. Ukutani unyevu usizidi asilimia 20, na ukiweza kuazima kipimo cha unyevu, pima. Angalia pia masuke, yakibaki na punje nyingi unawaita panya na majani yataota ukutani ukipaka lipu. Nunua mara baada ya mavuno, hifadhi juu ya magogo chini ya paa, kamwe usiyalaze chini na kuyafunika turubai, maana yanavuja jasho humo.

Ramani: chora kwa kipimo cha robota. Upana wa ukuta kati ya dirisha na dirisha uwe robota moja, moja na nusu au mawili, ili msikate ovyo. Choo, bafu na sehemu ya kuoshea vyombo ziwe na kuta za tofali, zikae upande mmoja, na bomba lolote la maji lisipite ndani ya majani. Chini ya kozi ya kwanza weka mbao mbili zilizo sambamba, kokoto zikae katikati yake, juu kidogo ya sakafu, ili maji yakimwagika ndani marobota yasiyanywe. Kizingiti cha dirisha kiteremke kuelekea nje na kivuke lipu, maana pale chini ya dirisha ndipo nyumba nyingi za aina hii huanzia kuoza.

Lipu ya kwanza ni uji wa udongo wa mfinyanzi, na hii ifanyeni kwa mikono. Mwiko haufai. Unachota, unasukuma kwa kiganja, ncha za majani zinatoboa kati ya vidole, unaendelea kusugua mpaka hazionekani tena na udongo umeingia ndani. Ukiruka hatua hii lipu ya pili itabanduka shuka nzima. Ya pili ni nene, udongo na mchanga na majani yaliyokatwa, ikauke kabisa. Ya mwisho ni nyembamba, mchanga uliochekechwa na samadi ya ng'ombe mkipenda. Saruji msiipake: inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayapati njia ya kutoka.

Kabla ya yote, chimbeni udongo chini ya tabaka jeusi la juu, jazeni theluthi moja ya chupa ya wazi, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni, muiache siku nzima. Mchanga utatua chini, mfinyanzi juu. Pitieni halmashauri kuulizia kibali cha ujenzi mapema, mkiwa na michoro mkononi. Halafu weka hapa picha ya chupa hiyo na vipimo vya kiwanja, uniambie na upepo wa mvua unapiga kutoka upande gani, nikuchoree.